Mzee wa Fizi na Karatasi za Leta

Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwahesabu watu wa Fizi, eneo la Kivu Kusini kando ya ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, haikuwa ikiwatafuta wazee. Daftari lake lilikuwa na safu moja iliyoishughulisha kuliko zote, safu ya wanaume wazima wenye nguvu. Hao ndio waliotozwa kodi, waliolimishwa mazao ya lazima, waliochimbishwa barabara na kupelekwa migodini. Mwanaume akipinda mgongo, au akipofuka, au akivunjika mguu usiunge vizuri, alitolewa kwenye safu ile na kodi ikamwacha. Msamaha huo ndio uliokuwa fadhila ya kwanza ambayo Leta, kama dola inavyoitwa na Waswahili wa Kongo, ilimpa mtu wa Lubondja au wa Baraka, hukohuko Fizi, kwa sababu ya uzee au ulemavu. Haukuwa na senti ndani yake. Bibi kizee hakupata hata huo, maana katika safu ile hakuwahi kuwamo.

Mzee hakulala njaa kwa sababu hiyo. Alikuwa na shamba, watoto, wakwe, na wajukuu wa kumtekea maji na kumwokotea kuni. Tena Wabembe wa Fizi, kama jirani zao Walega, walikuwa na bwami, chama cha vyeo ambacho mtu alipanda daraja baada ya daraja kwa kutoa mali na nyama, navyo vikagawiwa waliomtangulia. Aliyetoa ujanani alipokea uzeeni. Mtu wa hesabu za bima angeutambua utaratibu huo mara moja: ni mfuko wa akiba, ila kumbukumbu zake zilihifadhiwa vichwani. Sina haja ya kuupamba, kwa kuwa maskini asiye na ukoo wa kumchangia alibaki daraja za chini maisha yake yote. Lakini ulikuwepo, na ulifika mpaka vijiji visivyo na barabara. Wabelgiji waliuona kuwa ni serikali ndani ya serikali yao, na mwaka 1948 wakaupiga marufuku.

Miaka minane baadaye, tarehe 6 Juni 1956, utawala huohuo ulitoa dekreti ya pensheni kwa wafanyakazi wa Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Ilikuwa imetanguliwa na dekreti ya 1949 kuhusu fidia ya ajali na magonjwa ya kazini, kisha ya 1951 kuhusu posho za familia. Mwaka 1957 ikaongezwa ya wafanyakazi waliopata ulemavu. Waajiriwa Wazungu walikuwa na mfuko wao tangu 1945. Kwa Mwafrika wa Fizi mlango wa kuingilia katika mpango huo ulikuwa mmoja, nao ni kuondoka Fizi: kwenda Albertville, yaani Kalemie ya leo, kwenye reli na bandari, kwenda Kamituga kwenye dhahabu, kwenda Kiliba, kaskazini ya Uvira, kwenye miwa. Huko ndiko kulikokuwa na mwajiri wa kukata mshahara na karani wa kuandika. Baba na mama waliobaki nyumbani wakilima muhogo na kuvua samaki walizeeka nje ya sheria, kwa kuwa sheria ilitazama mshahara na haikuutazama umri. Msingi huo haujabadilika nchini Kongo mpaka leo.

Uhuru ulipofika, mifuko ya kikoloni iliunganishwa kuwa taasisi moja ya taifa ya hifadhi ya jamii, INSS. Dekreti-sheria iliyoiunda ilitolewa Léopoldville tarehe 29 Juni 1961, wakati wa Rais Joseph Kasavubu. Ukiitazama tarehe hiyo ukiwa umesimama Kivu, inachekesha kidogo. Tangu Desemba 1960 Bukavu ilikuwa mikononi mwa serikali pinzani ya Stanleyville ya Antoine Gizenga, na upande wa kusini wa Fizi Moïse Tshombe alikuwa ametangaza nchi yake ya Katanga. Sheria ya kumlinda mfanyakazi mzee wa taifa zima ilitoka kwa serikali ambayo amri zake hazikufika Baraka. Hata hivyo ilidumu miaka 55. Humo mwanaume alistaafu akiwa na miaka 65 na mwanamke 60, na mlemavu asiyeweza kuishi bila kuhudumiwa na mtu mwingine aliongezewa kitu juu ya pensheni yake. Kifungu hicho kidogo ni karibu mahali pekee ambapo sheria ya Kongo iliwahi kukiri kwamba kumlisha na kumwogesha mgonjwa ni kazi yenye thamani ya fedha.

Pensheni ya namna hiyo husimama juu ya mambo matatu: mwajiri anayeendelea kuwepo, daftari linaloendelea kutunzwa, na fedha isiyopoteza thamani. Fizi ilipoteza yote matatu, moja baada ya jingine.

Daftari lilitangulia. Mei 1964 Uvira iliangukia mikononi mwa waasi wa Simba, na Fizi ikawa ngome yao. Baraka ilitwaliwa tena mwishoni mwa 1965, mamluki wa Mike Hoare walipotua ufukweni kwa mashua pamoja na askari wa jeshi la taifa. Ernesto Che Guevara, aliyekuwa milimani na wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila tangu Aprili mwaka huo, alivuka ziwa kurudi Kigoma mwezi Novemba. Vita vikubwa vikaisha, lakini Kabila alibaki. Desemba 1967 aliunda chama chake cha PRP, na kwa miaka mingi sehemu ya milima ya Fizi ikatawaliwa kutoka Hewa Bora, makao ya waasi yaliyokuwa na utaratibu wake wa biashara, shule na kodi. Waliozaliwa huko wakati huo hawakuandikwa na karani wa Kinshasa. Waliokuwa na kitabu cha kazi au cheti cha ubatizo walikimbia nacho porini, kikalowa mvua au kikaungua pamoja na nyumba.

Fedha ikafuata. Sarafu ya zaire ilipoanzishwa Juni 1967, moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Mwaka 1993 zaire milioni tatu zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikawa faranga moja. Atakayezidisha ataona kwamba faranga hiyo moja ilimeza zaire bilioni 300 za zamani. Mstaafu wa reli aliyekatwa mshahara wake kwa uaminifu katika miaka ya 1970 alikuwa ameweka akiba ya dola, akaja kupewa vumbi, na hapakuwa na mwizi wa kumshitaki.

Waajiri nao wakazimika. SOMINKI, kampuni iliyozaliwa 1976 kwa kuunganisha makampuni ya migodi ya Kivu na Maniema, ilifilisiwa 1997, na wafanyakazi wake wa Kamituga na kwingineko wakabaki kudai malipo ya mwisho kwa miaka mingi, wengi wakifa katika kudai. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilinyamaza vita vya 1996 vilipoanza. Mwalimu wa shule hakuwa chini ya INSS. Pensheni yake ilitakiwa kutoka hazina ya Leta, na ndiyo maana katika shule za Kongo utakuta walimu wenye mvi wakishika chaki miaka mingi baada ya umri wa kustaafu. Akiondoka darasani anapoteza mshahara alionao kwa ajili ya pensheni ambayo huenda isije. Mfuko maalumu wa watumishi wa Leta, CNSSAP, uliundwa kwa dekreti ya Desemba 2015 tu.

Baada ya vita sheria ziliandikwa upya, na lazima ikubaliwe kwamba ziliandikwa vizuri. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinasema mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Sheria ya 15 Julai 2016 ilichukua nafasi ya ile ya 1961. Mwaka 2018 INSS ikawa CNSS. Tarehe 3 Mei 2022 ikapatikana sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, iliyosubiriwa muda mrefu. Lakini chukua bibi wa Lubondja mwenye miaka 80, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, aliyelima maisha yake yote. Mjukuu wake aende wapi, akajaze fomu gani? CNSS itauliza michango, naye hajawahi kuwa na mwajiri. Ana haki ya kikatiba isiyo na dirisha la kuidai. Jirani zetu wameonyesha kwamba jambo lenyewe linawezekana: Zanzibar tangu Aprili 2016 imekuwa ikimlipa kila mkaazi aliyefika miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, na ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, nayo Kenya ilifungua mpango wa namna hiyo kwa wenye miaka 70 mwaka 2018, kwa shilingi 2,000. Ni fedha ndogo. Ila mzee haulizwi alimfanyia nani kazi.

Kabla ya sheria hizo mpya kuandikwa, watu wengi wa Fizi walikuwa wamekwisha kuhama. Vita vilipowaka Oktoba 1996 walivuka Tanganyika kwa maboti kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo. Lugufu ikafuata, na ilipofungwa 2009 watu wake wakahamishiwa Nyarugusu. Wengine walivuka baada ya mauaji ya raia kijijini Makobola mwishoni mwa 1998. Mwendo wa kuvuka uliwachagua watu: wazee waliokuwa na mtu wa kuwabeba walifika, wasiokuwa naye walibaki kulinda nyumba.

Kambini ndiko wazee wengi walikopata karatasi yao ya kwanza yenye uzito. Karani aliuliza tarehe ya kuzaliwa. Mama aliyejua kwamba alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au kabla ya mdogo wake aliyekufa kwa surua, hakuwa na tarehe ya kumpa, basi ukakadiriwa mwaka na kuandikwa 1 Januari. Ndiyo sababu familia nzima za Wabembe husherehekea kuzaliwa siku moja, kama husherehekea. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilikuwa pia na alama za mahitaji maalumu, moja ya mzee aliye hatarini, nyingine ya ulemavu. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na daftari lililoandika magoti ya mtu, macho yake na upweke wake, badala ya kodi yake. Karani yule aliyekadiria mwaka, akiwa na foleni ndefu mbele yake, hakujua kwamba alikuwa akiamua lini mtu huyo atahesabiwa mzee katika nchi nyingine.

Nchi hiyo kwa wengi ilikuwa Marekani. Machi 2015 UNHCR ilitangaza mpango wa kuwahamishia nchi nyingine Wakongo 32,000 wa Nyarugusu, wengi wakitoka Kivu Kusini. Katika mwaka wa fedha ulioisha Septemba 2016 Wakongo 16,370 waliingia Marekani, wengi kuliko wakimbizi wa taifa lolote lingine mwaka huo. Pamoja na vijana walifika wazee, na hapo wakakutana na kitu ambacho Kongo haikuwahi kuwa nacho: fedha ya kila mwezi kwa mzee au mlemavu maskini, hata kama hakuajiriwa siku moja. Inaitwa SSI. Ilitungiwa sheria tarehe 30 Oktoba 1972 wakati wa Richard Nixon na kuanza kulipwa Januari 1974. Kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja mwaka 2025 kilikuwa dola 967 kwa mwezi.

Hapo ndipo ile 1 Januari ilipoonyesha makali yake. Mwenye miaka 65 kwenye karatasi huomba kwa uzee. Mwenye miaka 65 mwilini, aliyeandikwa 57 Nyarugusu, sharti aombe kwa ulemavu: athibitishe kwa vyeti vya daktari kwamba hawezi kazi ya kumpatia riziki, na kwamba hali hiyo imedumu au itadumu miezi 12, au itamuua. Kurekebisha tarehe iliyokwisha kuandikwa ni shughuli ngumu. Ombi likikataliwa, kuna siku 60 za kukata rufaa tangu barua ipokelewe, na barua huja kwa Kiingereza. Wajukuu waliosoma shule ya huko miaka miwili mitatu ndio waliogeuka makarani wa ukoo.

Lililowashangaza wengi zaidi ni jinsi sheria hiyo inavyoitazama nyumba. Mzee asiyechangia chochote, anayeishi kwa mwanawe akipewa malazi na milo yote, hupunguziwa theluthi moja ya kiwango cha juu, kwa hoja kwamba anachopewa ni kipato. Tangu 30 Septemba 2024 chakula peke yake hakihesabiwi tena kuwa kipato, lakini malazi bado. Anayelipa sehemu yake ya gharama za nyumba hapunguziwi. Kwa hiyo mtoto mwenye busara humkalisha mama yake na kumweleza kwamba kuanzia mwezi huu atalipia chumba, na wataandikiana. “Nikulipe wewe, niliyekubeba mgongoni mpaka Kigoma?” Swali la haki kabisa. Sheria ilitungwa na watu waliodhani kwamba mzee kuishi kwa mwanawe ni msaada wa ziada; Fizi mzee asipoishi kwa mwanawe ndipo watu huuliza kulikoni. Akiba nayo ina mpaka: mtu mmoja asizidishe dola 2,000 za mali inayohesabiwa, kiasi ambacho hakijaongezwa tangu 1989. Michango ya matanga ikipitia kwenye akaunti ya bibi, ofisi itauliza.

Kuna pia fedha ya kumtunza. Kupitia bima ya Medicaid, majimbo mengi huruhusu ndugu alipwe kwa saa kumwogesha, kumvisha na kumlisha mzee wake. Mkaguzi huja nyumbani na maswali yake: anaweza kwenda msalani peke yake? huamka mara ngapi usiku? Hapa adabu hupunguza saa. Binti aliyelelewa vizuri huona aibu kutaja mbele ya mgeni, na mbele ya mama mwenyewe, kwamba mama hawezi kujisafisha. Naye mama, kwa heshima yake, husema hana shida. Mkaguzi huandika alichosikia.

Na yote hayo yana mwisho uliopangwa. Tarehe 22 Agosti 1996, miezi miwili kabla watu wa Fizi hawajaanza kuvuka ziwa, Bill Clinton alitia saini sheria iliyowaondoa wageni wengi kwenye SSI. Wakimbizi waliachiwa miaka mitano. Mwaka 1997 ikafanywa saba. Mwaka 2008 Bunge la Marekani liliongeza miaka miwili, ila dirisha hilo likafungwa Septemba 2011, kabla Wakongo wengi hawajafika. Baada ya miaka saba malipo hukoma, isipokuwa mtu awe raia, au awe na hesabu ya miaka kumi ya kazi, ambayo aliyefika na miaka 70 hawezi kuipata. Uraia huombwa baada ya miaka mitano. Inabaki miaka miwili ya kufaulu mtihani wa Kiingereza na historia ya Marekani kwa mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu, na ambaye Kibembe ndicho kilugha chake cha ndani na Kiswahili cha sokoni. Msamaha wa Kiingereza kwa wazee huhitaji ukaazi wa miaka 15 au 20. Njia iliyobaki ni fomu N-648, ambamo daktari huthibitisha kwamba ugonjwa wa mwili au akili unamzuia mtu kujifunza. Uzee peke yake hautoshi, wala kutojua kusoma. Daktari aandike kusahau kwa mgonjwa kumetokana na nini, kulianza lini, na kunazuia vipi. Kiharusi kinakubalika. Majeraha ya akili ya vita yanakubalika yakielezwa vizuri, na mara nyingi hapo ndipo watoto husikia kwa mara ya kwanza, kupitia mkalimani, mambo ambayo mama aliyaona njiani.

Mwaka 2025 milango ilibana pande zote mbili. Januari, Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na wazee waliokuwa wamekwisha kuhojiwa Nyarugusu wakarudi kungoja. Sheria ya 4 Julai mwaka huo iliwatoa kwenye msaada wa chakula wakimbizi ambao bado hawajapata kadi ya ukaazi wa kudumu. Huku nyumbani, Bukavu ilitekwa na waasi wa M23 mwezi Februari, makao ya jimbo yakahamishiwa Uvira, na Desemba M23 wakaingia Uvira pia. Mstaafu wa Baraka mwenye faili Bukavu alijikuta tena upande mwingine wa mstari wa vita na daftari lake.

Waliopata uraia wanaendelea kulipwa, lakini hata wao wana kamba. Mpokeaji wa SSI akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, malipo husimama, na akirejea hayaanzi tena mpaka atimize siku 30 nyingine ndani ya nchi. Anayetaka kwenda kumzika dada yake Baraka hupiga hesabu ya ndege hadi Bujumbura, mpaka, barabara ya kando ya ziwa kama inapitika, kisha mazishi na kikao cha ukoo cha kugawa mashamba ya marehemu. Kikao hicho hakijawahi kuisha kwa wakati.